Kaburi Lisilo na Mshumaa

Jioni ya Watakatifu Wote, Kellon aliwapandisha wageni wake kwenye kilima kilicho juu ya makaburi ya mji wa Gouyave. Hakuna mwongoza watalii mwingine Grenada aliyewaleta watu pale, naye alitamba kwa hilo. Chini yao kila familia ilikuwa imepalilia makaburi ya jamaa zake na kuyawashia mishumaa, mpaka mteremko mzima ukang'aa kuelekea baharini. Wageni walipiga picha bila kuchoka.

"Na lile la katikati, mbona lina giza?" aliuliza mama mmoja.

Kellon alilitazama. Lilikuwa la bibi yake, aliyemlea. Majani yalikuwa yameufunika msalaba.

"Huyo hana watu," alijibu upesi.

"Hana watu?" Tanti Merle, mama mzee aliyekuwa jirani wa bibi, alikuwa nyuma yao njiani, akiteremka na mishumaa yake. "Nani aliuza samaki wa kukaanga ili wewe usome? Hebu sema tena, Kellon, wageni wako wasikie vizuri!"

Wageni walishusha kamera, wakatazama chini.

"Tanti, nigawie mshumaa mmoja."

"Chukua. Lakini kamuombe radhi yeye, si mimi."

Akashuka, akapiga magoti, akang'oa majani kwa mikono mitupu, kisha akawasha.

"Habari za jioni," aliwaamkia walioketi kwenye makaburi ya jirani.

Walisogea kidogo kumpisha. Hakuna aliyeitikia.