Gunia la Shangazi Paska

Nilimwambia. Mungu ni shahidi wangu, nilimpigia simu kutoka Kampala nikamwambia waziwazi: "Shangazi, nakuja kuchukua kipande cha lile gunia la mihogo. Usiguse chochote."

Nikasafiri mpaka Arua, nikakodi gari Awindiri, nikafika kwake Ayivu. Uwanja umefagiwa, kuta zimepakwa udongo mpya, na gunia liko kwenye kamba, linanukia sabuni ya unga kuliko shuka za hoteli.

"Umelifua?"

"Mara tatu," Shangazi Paska akasema kwa fahari. "Na maji ya moto."

Nikaketi chini pale pale.

Gunia lile ndilo lililonisomesha. Kwetu mihogo michungu humenywa, hurundikwa, kisha hufunikwa gunia mpaka iote ukungu. Ukungu hukwanguliwa, mihogo ikaanikwa na kutwangwa. Gunia halifuliwi, maana ukungu wa safari hii ndio mbegu ya safari ijayo. Katika ukungu wa shangazi nilipata protini, kimeng'enya kinachovunja sumu ya mihogo upesi kuliko chochote nilichowahi kupima. Nimepata shahada kwa protini hiyo. Nimeichuja, nimeipima, nimeigombania mikutanoni na watu wasiojua muhogo mchungu wala mtamu. Mwaka huu kiwanda kimoja kilikubali kuijaribu, kikataka ukungu hai mwezi ujao. Ndipo umeme wa maabara ukakatika Ijumaa, jenereta haina dizeli, na mwenye ufunguo wa stoo kaenda harusini! Jumatatu tukakuta ukungu wote umekufa kwenye vichupa. Kazi ya ujana wangu wote ilikuwa imebaki kwenye gunia moja.

"Nilisema usiguse!"

"Wageni yote inasema hivyo," akajibu bila wasiwasi. Shangazi ni mjane wa askari, na Kiswahili chake ni cha kambini. "'Musijisumbue, musijisumbue.' Mutu mwenye anasikia hiyo maneno iko mchoyo. Wewe daktari, unakuja kwa nyumba yangu, nikupe gunia chafu? Watu ya hapa itasema nini?"

Nilitaka kulia, na nikalia. Akadhani ni njaa, akaniletea ugali na maharage.

"Usilie, mtoto yangu. Juliet iko na nusu."

Kweli! Binti yake Juliet alipoolewa na Faruk kule Koboko, alikatiwa nusu ya gunia aende nayo, asianze kuotesha ukungu upya. Sikumaliza hata tonge. Nilikuwa nimeshawasha gari shangazi alipokuja dirishani, anatabasamu.

"Na nimempigia simu. Nimemwambia mgeni iko njiani."

Nikampigia Juliet. Simu imezimwa. Nilipiga njia nzima, huku malori yanayokwenda mpakani Oraba yamejipanga mbele yangu kama yameajiriwa kunikomoa.

Nilipofika Koboko, Juliet alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, mikono imezama mpaka viwikoni.

"Acha!"

"Dada! Karibu! Ngoja kidogo, bado naloweka. Faruk iko anatafuta sabuni."

Na Faruk huyo akatokea langoni na mche wa sabuni mkononi, akanitolea salamu. Sikuitikia, Mungu anisamehe. Nilimpokonya Juliet beseni, maji machafu yakanimwagikia kifuani, nikalikumbatia.

Majirani wakachungulia. Juliet alitokwa na machozi ya aibu: mgeni wa Kampala anabeba maji machafu na hajapewa hata kiti.

"Dada, weka chini. Mi naleta maji safi."

"Sitaki safi!" nikapiga kelele. "Nimechoka na usafi wenu!"

Chakula chao nilikula, ila beseni nilikuwa nimelibana katikati ya miguu, simwamini mtu. Simu yangu ikalia. Shangazi.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Imefuliwa muzuri?"

"Halijafuliwa, Shangazi. Ni chafu kabisa."

Nikamsikia akishusha pumzi, sauti imemnywea.

"Nisamehe, mtoto yangu. Huyu Juliet, mi sikumufundisha muzuri."