Skii Namba Saba

Aliniomba msamaha. Lilikuwa jambo la mwisho la mbio zile, lakini mimi kila nikiikumbuka naanzia hapo. Virge alikuwa amepiga magoti nyuma ya mstari wa kumalizia, ute ukimning'inia kidevuni, mgongo wake ukifuka mvuke kama farasi aliyetoka kuvuta magogo. Nilikwenda kumpokea skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, maana hiyo ni kazi ya fundi: mkimbiaji akimaliza, wewe unainama, unazifungua miguuni mwake na kuziondoa. Nilipoinama, aliinua uso.

"Nisamehe, fundi," alisema. "Skii zilikuwa nzuri. Miguu ndiyo sikuja nayo."

Nilimjibu neno moja. Nilimwambia, "Hutokea."

Nilikuwa fundi wa skii wa timu yetu ya taifa kwa majira kumi na tisa ya baridi. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nikitengeneza matrekta, nikajifunza nta za skii kama nilivyojifunza injini, kwa kujaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika kilichotokea. Joto la hewa, joto la theluji, unyevu, aina ya nta, idadi ya mapigo ya pasi ya kuyeyushia nta. Madaftari yangu yalijaa sanduku la viazi. Watu walisema sisemi sana. Ni kweli. Theluji yenyewe inasema vya kutosha, ukiwa na subira ya kuiandika.

Sisi Waestonia ni wachache, na kwenye mashindano ya dunia uchache huonekana hata kwa macho. Wanorwe walikuja kwenye bonde la Italia tuliloshindania mwaka ule na lori refu kama ghala, ndani yake mafundi ishirini na skii mia kadhaa. Sisi tulikuwa na kibanda cha bati chenye meza mbili. Ülo, kocha wetu, ndiye pia aliyekuwa dereva na mpishi. Wasichana wetu wa mbio ndefu walikuwa wawili: Virge Allikas, miaka thelathini na mmoja, na Kätlin, ishirini na mmoja. Walikuwa na urefu mmoja na walipishana uzito kilo moja tu, kwa hiyo skii iliyomfaa huyu ilimfaa na yule. Jambo hilo tulikuwa tukilichekea. Ülo alisema Mungu ametuonea huruma, ametupa wanawake wawili wa jozi moja.

Asubuhi ile walikuwa wanakula uji wa shayiri kwenye kona ya kibanda.

"We mtoto, maliza bakuli," Virge alimwambia mwenzake. "Ukianguka njiani mimi sisimami. Nakuruka tu."

"Utanirukaje, dada, na wewe ndiye unayeanza mbele? Nitakukuta kwenye kilima cha pili."

"Bibi kizee hapitwi ovyo. Unabisha hodi kwanza."

"Nitabisha kwa fimbo."

Ülo akacheka mpaka chai ikampalia. Kisha akanivuta nje, akawasha sigara, akatazama milima. "Heldur," alisema, "wakubwa wa chama cha skii nyumbani wamenipigia tena. Wanataka jina moja ndani ya thelathini bora. Moja tu. Lisipopatikana, msimu ujao timu ya wanawake haipo."

"Nimesikia," nikasema.

"Sikwambii ufanye chochote. Nakwambia tu."

Na kweli hakuniambia nifanye chochote. Nimelipima hilo kwa miaka mingi, na kila mara napata jibu lilelile.

Mbio zilikuwa kilomita kumi, wakimbiaji wakianza mmoja mmoja, mtindo wa zamani, ule wa kutembea ndani ya mifereji miwili ya theluji. Kwa mtindo huo skii inatakiwa ifanye kazi mbili zinazogombana: iteleze kwenye mteremko, na ishike kwenye mwinuko. Siku ya baridi kali hilo ni jambo la kawaida. Lakini theluji mpya ikianguka wakati kipimajoto kimesimama kwenye sifuri, hapo mafundi wazima hulia. Ukipaka nta inayoshika, theluji inagandamana chini ya mguu kama unga uliolowa kwenye mwiko. Ukipaka isiyoganda, unarudi nyuma kila ukikanyaga.

Theluji hiyo ilianza kuanguka dakika hamsini kabla ya Virge kuanza.

Nilikuwa na jozi sita tayari. Nilizijaribu zote kwenye kilima kidogo kando ya kibanda, moja baada ya nyingine, kama ninavyofanya siku zote. Tano zilikuwa mbaya, na namba tatu ndiyo ilikuwa na ubaya wa kuvumilika: haikuganda, ila iliteleza nyuma kwenye mwinuko. Ya sita ilikuwa namba saba. Namba saba sikuwa nimeipaka nta kabisa pale chini ya mguu. Nilikuwa nimeisugua kwa msasa mpaka ikaota vinywele, na kwenye theluji ile vinywele vilishika kama makucha ya paka. Nilipanda nayo kilima bila kutumia fimbo. Nilishuka bila kusikia sauti.

Namba saba ilikuwa ya Virge. Alikuwa amekimbia nayo majira manne ya baridi. Msasa ule niliupiga kwa ajili yake, jana yake, kwa sababu mawingu hayakunipendeza.

Nilisimama pale juu ya kilima kwa muda ambao baadaye nilikadiria kuwa dakika sita. Nilipiga hesabu kama ninavyopiga hesabu ya nta. Virge, kwa skii nzuri na siku nzuri, wa thelathini na tatu, labda thelathini na tano. Kätlin, kwa skii nzuri, ishirini na nane. Skii nzuri ni moja. Na kusugua nyingine kwa uangalifu ule kunataka saa nzima, nami sikuwa nayo. Hesabu ilikuwa sahihi, hata leo siioni kosa. Nilishuka kibandani, nikachukua kitambaa chenye spiriti, nikafuta saba iliyoandikwa kwa wino karibu na ncha, nikaandika kumi na mbili, ili ionekane jozi nyingine.

Virge aliingia akifunga nywele.

"Saba inaganda," nilimwambia. "Chukua tatu."

"Saba? Saba haijawahi kuganda."

"Leo inaganda."

Alinitazama. Kilima cha kujaribia kilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni, na dakika mbili zingemtosha kwenda na kurudi. Mataifa mengine mkimbiaji asingekubali neno la fundi bila kukanyaga mwenyewe. Lakini sisi kwetu, mtu akishakujibu, humwulizi tena. Kumwuliza mara ya pili ni kumwita mwongo, na mtu hamwiti mwongo aliyempakia nta miaka tisa.

"Haya, tatu," akasema. "Ukisema wewe, mimi nani?"

Akanigonga begani kwa ngumi, akatoka.

Kätlin alimaliza wa ishirini na nane. Ülo alinikumbatia, akanibusu juu ya kofia, akalia. Usiku wa siku hiyo redio yetu ilimtaja hata fundi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Virge alikuwa wa hamsini na saba. Nilimwona kwenye kilima cha mwisho. Kila hatua mguu ulimrudi nyuma, naye akaongeza nguvu mikononi, mpaka mikono nayo ikaisha, na Kätlin akampita. Hakubisha hodi. Alipita haraka, ameinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba.

Mwandishi wa habari alimwuliza Virge kuhusu vifaa. Nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma yake, skii zake kwapani.

"Vifaa havikuwa na neno," alisema. "Tuna fundi ambaye mataifa makubwa yangemtaka. Mimi ndiye niliyeisha."

Majira ya kuchipua yalipofika, aliacha mashindano. Katika daftari la mwaka ule ukurasa wa siku ile hauna kitu. Niliandika tarehe, nikashindwa kuendelea.

Aibu niliyokuwa nayo sikuielewa mapema. Mwanzoni nilidhani naona haya kwa sababu nilimnyang'anya. Ilinichukua miaka kuona kwamba lilikuwepo jambo baya zaidi. Kama ningemwambia ukweli, "Virge, skii nzuri ni moja na nafasi ni moja," angeitoa mwenyewe. Angetukana kidogo, angeitoa. Nilimjua vizuri hivyo. Nilichomnyima siku ile ni nafasi ya kutoa, na mahali pake nikampa imani kwamba miguu yake imekufa.

Nilipostaafu nilihamia shamba la kaka yangu huko Haanja, kwenye vilima. Kaka anafuga ng'ombe. Lori la kukusanya maziwa hupita kila baada ya siku moja, na msimu wangu wa pili pale, dereva mpya alifungua mlango, akaruka chini, akaweka mikono kiunoni.

"Lo! Fundi! Bado hujafa?"

Alikuwa Virge. Alikuwa amenenepa kidogo, na alicheka vilevile. Kwa miaka mitatu tulionana hivyo, asubuhi, mpira wa kuvutia maziwa ukinguruma kati yetu. Tuliongea habari za barabara, bei ya nyasi, magoti yake. Nilikuwa na asubuhi zaidi ya mia tano za kusema, na kila moja nilimsaidia kufunga bomba, nikampungia mkono.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Februari. Theluji ilikuwa nzuri, kavu. Nikamwuliza habari za binti yake, Leelo, ambaye nilisikia anakimbia skii shuleni.

"Anakimbia," Virge alisema. "Yuko vizuri, ana kifua kunizidi. Ila jana kakataa mbio za wilaya. Namwuliza kwa nini, ananiambia, 'Mama, familia yetu haina miguu ya kumalizia mbio. Wewe mwenyewe ulisema.'" Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mita ya bomba. "Miaka kumi na miwili anayo, na ameshajua pa kuishia."

Nilisogea karibu naye ili anisikie juu ya kelele ya pampu.

"Saba haikuganda," nikasema.

"Nini?"

"Italia. Saba haikuganda. Nilikudanganya. Nilimpa Kätlin. Nilifuta namba."

Hakuniuliza mara ya pili. Alinyoosha mkono, akazima pampu, na uwanja ukawa kimya kiasi kwamba nilisikia ng'ombe akijikuna ukutani.

"Tatu ulijua itateleza?"

"Nilijua."

"Ülo alikuagiza?"

"Hapana."

"Kätlin je?"

"Hajui mpaka leo."

Akavua glavu moja, akaivaa tena. Nilianza kumweleza. Nilimwambia vilima vilikuwa kumi na vinne, na kila kimoja namba tatu ilimpotezea kama sekunde nne hivi, kwa hiyo ukijumlisha—

"Usinipigie hesabu, Heldur."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Miaka yote nilikuwa fundi.

Aliwasha pampu, akamaliza maziwa, akafunga bomba peke yake. Nilimsogelea kumsaidia, akanisukuma kando kwa kiwiko, si kwa nguvu. Alipokwisha kupanda kwenye lori alishusha kioo.

"Mimi sitamwambia Leelo," alisema. "Anatoka shule saa nane. Nyumba unaijua."

Saa nane nilikuwa jikoni kwake, nimeketi kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini. Virge alikuwa kwenye meza ya pembeni, amenipa mgongo, anakata mkate mweusi. Tangu nimeingia hakuwa amesema neno zaidi ya "Pangusa viatu." Msichana aliingia na mashavu mekundu, mfuko wa shule begani, akanitazama mimi, kisha mgongo wa mama yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Heldur," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpakia mama yako nta."

Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama ninavyoandika: joto la hewa, joto la theluji, jozi sita, kilima, kitambaa, wino. Nimewahi kusimama mbele ya mawaziri, na sikuwahi kupata shida ya kumtazama mtu kama nilivyopata kumtazama mtoto yule. Alisikiliza bila kuvua koti. Nilipofika kwenye mstari wa kumalizia, na maneno ambayo mama yake aliniambia pale, na neno langu moja nililomjibu, ikabidi nianze upya sentensi.

Kisu kilikuwa kimesimama.

"Kilima cha kujaribia kilikuwa mbali?" Leelo akauliza.

"Hatua thelathini."

"Sasa kwa nini hakwenda kujaribu mwenyewe?"

Nilitafuta namna nyingine ya kulijibu hilo. Haikuwepo.

"Kwa sababu aliniamini."

Msichana alifikiri, uso umekunjamana, kama mtu anayeangalia skii asiyoijua. Mimi niliona nimemaliza nililolijia. Nilisimama, nikavaa kofia, nikashika kitasa cha mlango.

"Kaa," Virge akasema, bado akiwa amenipa mgongo. "Hajamaliza kuuliza."