Mama Hesabu Anasahihisha

Kinyozi mstaafu alikuwa mtia chumvi, na hakuwahi kulikana hilo. Miaka thelathini na sita alisimama nyuma ya kiti kile kile akinyoa vichwa na kumwaga hadithi, na mteja aliyeingia kwa robo saa alitoka baada ya saa nzima, kichwa chepesi na masikio mazito. Magoti yalipomgomea akafunga duka akarudi nyumbani, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtu anaweza kudhoofika kwa kukosa wasikilizaji. Alianza kumsimulia paka.

Aliyemwokoa ni binti yake, mtoto wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi maabara katika mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Likizo moja alimfungulia blogu, akamwonyesha pa kuandika na pa kubonyeza, akaiita Kiti cha Kinyozi.

"Baba, mwache paka apumzike," alimwambia. "Wasimulie walimwengu."

Basi kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, mzee alifungua kompyuta mezani na kuandika ya nyumbani kwake. Aliandika juu ya paka wao, Meneja, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakufanya kazi yoyote na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Aliandika juu ya maua aliyoyapanda kibarazani katika makopo ya rangi, juu ya bomba linalovuja, juu ya ndoa. Kila sentensi aliisoma kwa sauti, maana kinyozi hajui kusimulia kimya kimya.

Upande wa pili wa meza alikaa mkewe. Huyu alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha sabuni tangu ujana wake hadi kustaafu, na mtaani walimwita Mama Hesabu. Kwake yeye uongo wote ni dhambi, ila uongo wa idadi ulikuwa na moto wake peke yake. Mzee akisoma kwamba Meneja ameua panya watatu kwa pigo moja, alijibiwa kutoka upande wa pili bila hata kuinuliwa jicho:

"Mmoja. Na alikuwa amekufa tangu jana."

Siku moja, kwa ukorofi tu, mzee aliyaandika maneno hayo vilevile chini ya habari yake: *Mama Hesabu anasahihisha: mmoja, na alikuwa amekufa tangu jana.* Wasomaji, ambao hawakuzidi sabini na wengi wao walikuwa vichwa alivyovinyoa mwenyewe, walicheka wiki nzima. Tangu hapo kila habari ilimalizikia hivyo. Mzee akiandika makopo ishirini, chini yake ilifuata kwamba ni kumi na mawili, na matatu kati yake ni udongo mtupu. Alijua fika kwamba watu waliruka hadithi yake wakaanzia chini. Ilimuuma kidogo, na ilimpendeza zaidi ya ilivyomuuma.

Hesabu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Asubuhi moja Mama Hesabu alikuwa akifuta vijiko na kuvihesabu, kama alivyofanya maisha yake yote. Alifika saba, akasimama, akakitazama kijiko mkononi kana kwamba amekabidhiwa na mpita njia. Akaanza upya. Saba. Akaanza upya tena. Mzee alikuwa mlangoni, akaona ni mzaha, akacheka. Kicheko kile hajakisamehe mpaka leo.

Daktari alitazama picha za kichwa, akasema taratibu kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba huu ni wa kwenda mbele tu, haurudi nyuma. Njiani kurudi nyumbani, mama, aliyekuwa bado yeye mwenyewe kwa sehemu kubwa, alimshika mumewe mkono wa shati.

"Usinipeleke popote," alisema. "Wala mtoto asinichukue. Nyumba hii naijua hata nikifumba macho. Nataka nibaki mahali ninapojua mlango uko upande gani."

Mzee akaapa. Na kiapo kilikuwa chema, tusimwonee. Kosa lake ni kile alichokiongeza mwenyewe juu ya kiapo, maana mkewe alimwomba asimpeleke popote, hakumwomba anyamaze. Lakini alimjua binti yake: mtu wa kukata shauri kwanza na kuuliza baadaye. Akijua tu, mzee aliwaza, atapanda basi, atamfungia mama yake nguo katika sanduku na kumpeleka kwenye kile chumba chake cha ghorofa ya nne, na huko mlango utakuwa upande mwingine. Akakaa kimya. Binti akipiga simu, mama alikuwa amelala, au anaoga, au ametoka kidogo kwa jirani. Mara nyingine mzee alimpa simu, akamnong'oneza la kusema, na mama akalisema.

Jumamosi nazo hazikukoma kuja. Mzee alisoma kwa sauti, akafika mahali pa kukatizwa, akangoja. Upande wa pili wa meza mkewe alikuwa akikunja kitambaa na kukikunjua. Siku ya kwanza alingoja mpaka chai ikaganda utando. Halafu akakumbuka kwamba binti atasoma, na binti naye huanzia chini. Akaandika mwenyewe: *Mama Hesabu anasahihisha: maua manne, si matano.* Halikuwa jambo gumu. Aliyajua maneno ya mkewe kama alivyoijua njia ya dukani.

Ila kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Wiki za mwanzo alijisahihisha kwa ukali unaostahili. Kisha, bila kukusudia, ukali ukaanza kupungua. *Leo sina la kusahihisha*, mama akasema. Wiki nyingine akasema: *Ni kweli, maua yake yamependeza.* Nyingine akasema mume wake ana mikono ya dhahabu. Hilo mzee alilisoma kwa sauti mara mbili. Katika ndoa yake yote hakuwahi kuambiwa hivyo, na ingawa aliyejisifu ni yeye mwenyewe, alisikia joto kifuani, akalifurahia, akamtazama mkewe kana kwamba ni yeye kweli aliyesema. Mama alikuwa akimpapasa Meneja. Jina la paka lilikuwa limebaki kinywani mwake wakati majina mengine yalikwisha kutoka, la mumewe likiwa mojawapo.

Jumamosi ya thelathini na tatu mzee aliishiwa habari, akamrudisha Meneja na wale panya watatu kwa pigo moja. Chini yake akaandika: *Mama Hesabu anasahihisha: watatu kamili, nimewahesabu mwenyewe.*

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na panya.

Jumamosi iliyofuata, chai haijamiminwa, mlango uligongwa. Alikuwa binti, na mkoba mmoja begani, macho mekundu kama ya mtu aliyehesabu nguzo za umeme usiku kucha.

"Shikamoo Baba. Mama yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mbona hukusema? Mama yako amepumzika kidogo, unajua tena..."

"Baba."

Alimpita. Mama alikuwa kibarazani kati ya makopo ya maua, jua miguuni, Meneja mapajani. Binti alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Shikamoo Mama."

Mama alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni ambaye hajajieleza.

"Karibu," alisema. "Umekuja kunyolewa? Mwenyewe yupo ndani."

Binti aliyaachia magoti yale, akasimama. Halafu alisema ahsante, akaingia jikoni, na baba yake akamfuata. Alisimama na mgongo kwake, mikono miwili ukingoni mwa sinki.

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari. Mimi." Mzee alikohoa. "Na Meneja."

Mzaha ulianguka sakafuni ukabaki pale pale. Binti akageuka, akatoa simu, akasoma: "'Watatu kamili, nimewahesabu mwenyewe.' Baba, huyu ni mama yangu? Tangu mmeoana, alikuunga mkono mara ngapi?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu.

"Mara moja. Siku uliyozaliwa nilisema duniani hakuna mtoto mzuri kama wewe. Hakubisha."

Binti alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulipoanza kumwandikia, alikuwa bado ananijua?"

Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Baba, nakuuliza."

"Alikuwa anakujua," mzee alisema. "Alikuwa akikuulizia kila siku. 'Mtoto atakuja lini?'"

"Na wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia Jumapili."

Hapo binti alilia. Hakulia kwa kelele. Alilia akiwa amesimama, mkono mdomoni. Mzee alinyoosha mkono, akaurudisha. Aliona wazi kabisa alichokifanya, na hakuna chumvi duniani ambayo ingekigeuza ladha. Jumapili thelathini na tatu zilikuwapo kweli, na kila moja mtoto huyu angeweza kuwa mlangoni, na mama yake angeinua uso akamwita jina.

"Niliogopa utamchukua," alisema. "Nilimwapia hatatoka humu."

"Nani kakwambia nitamchukua? Uliniuliza?"

Hakumuuliza. Alikuwa amepigana miezi minane na neno ambalo binti hakuwahi kulitamka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui, Baba. Leo sijui." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na mimi niseme langu. Ile ya mikono ya dhahabu niliisoma nikashtuka. Nikajiambia labda uzee umemlainisha. Nilitaka iwe hivyo. Kuamini ilikuwa rahisi kuliko kupanda basi."

Hawakukumbatiana. Binti alichukua kitana, akatoka kibarazani, akaanza kumchana mama yake nywele taratibu, kuanzia kisogoni, kama alivyochanwa yeye alipokuwa mdogo. Mama alimwachia kichwa. Mzee naye alifungua kompyuta. Alianza na Jumamosi ile ya maua manne, akafuta mstari wa chini, akaenda ya pili, akafuta. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, maana kila mmoja aliusoma kwanza.

Karibu na adhuhuri binti alimwingiza mama ndani, akamkalisha mahali pake upande wa pili wa meza, paka mikononi. Alichungulia juu ya bega la baba yake.

"Hata ile ya mikono ya dhahabu?"

"Hiyo ndiyo ya kufutwa hasa."

"Andika basi. Leo ni Jumamosi."

Mzee aliandika, akisoma kwa sauti. Aliandika kwamba mke wake ni mgonjwa, akautaja ugonjwa. Aliandika kwamba kwa wiki thelathini na tatu aliyesahihisha si Mama Hesabu bali ni yeye, na kwamba kila aliyecheka amdai kicheko chake. Aliandika kwamba aliogopa kumpoteza mmoja, akawanyang'anya wawili muda wao wa kuonana. Hakupamba kitu. Binti alisikiliza akiwa amesimama, na ilipotajwa ile Jumapili ya uongo aliinamisha kichwa. Kisha mzee akaandika sentensi ya mwisho, akaisoma kama alivyozisoma zote:

"Binti yetu amefika leo. Sasa nyumbani tuko watatu."

"Wanne."

Wote wawili waligeuka. Mama hakuwa amewatazama. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Meneja, umetulia.

"Mama?" binti alisema. "Umesemaje, Mama?"

Mama alimkuna paka nyuma ya sikio. Kama alihesabu, au ni tarakimu tu iliyopotea njia ikatokea mdomoni, hakuna aliyejua, na mpaka leo hakuna anayejua. Mzee alimngoja aongeze neno. Alingoja kwa muda mrefu, vidole vikiwa juu ya vitufe, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

"Niandike?" alimuuliza binti yake.

"Andika. Lakini alivyosema yeye, Baba. Usiongeze kitu."

Mzee akaandika: *Mama Hesabu anasahihisha: wanne.* Akaweka nukta, akabonyeza. Halafu binti akaenda kuweka maji ya chai, akatoa vikombe vitatu kabatini na kisahani kimoja cha paka.