Panzi Aliyeshonewa Ndani

Habari ilianzia kwa msusi, na habari ikianzia kwa msusi hufika ikiwa imeshasukwa. Chumba chake na chumba cha fundi wa nguo vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo fundi alizoea kushona magauni huku akila umbea wa upande wa pili bila kulipia. Siku hiyo msusi alisema kuna mkutano wa watu wa hadithi za anga, wale wanaoandika mambo ya vyombo vya kwenda kwenye nyota na mashine zinazofikiri. Ukiingia tu, alisema, unafungwa utepe mkononi, na ukishafungwa utepe huo wewe si wa kwenu tena. Mtoto wa mteja wake alikwenda mzima, akarudi na masikio ya mpira, na hata mezani hayavui.

Fundi alisimamisha cherehani. Binti yake, mwanamke mzima mwenye kazi yake ya kupokea simu ofisini, alikuwa anakwenda mkutano huo huo Jumamosi.

Tangu hapo habari ile ilimganda kama uzi mweupe kwenye sketi nyeusi. Akiifukuza asubuhi, jioni anaikuta imekaa inamngoja. Alijiambia msusi hutia chumvi hata kwenye chai. Halafu akajiambia, lisemwalo lipo. Mzazi akishafika kwenye "lisemwalo lipo", hakuna wa kumrudisha.

Binti alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu. Ni mkutano wa waandishi na wasomaji wao. Baadhi ya watu huvaa kama wahusika wa hadithi, kwa kujifurahisha tu. Kubwa ni kwamba atakuwepo mchapishaji, yule yule ambaye amekuwa akimrudishia hadithi zake bahasha ikiwa haijafunguliwa. Mchana waandishi wapya wamepewa chumba cha kusoma kwa sauti mbele ya watu, na mchapishaji akimpenda mmoja, humwambia pale pale alete kitabu kizima. Miaka yote ile ya kuandika kwenye meza ya jikoni, kati ya vikombe na sahani, ilikuwa inaungoja mchana huo.

"Sasa mama," akamalizia, "naomba usije."

"Nije kufanya nini mimi?" mama akajibu.

Hilo halikuwa uongo. Lilikuwa swali.

Jumamosi fundi alifungua kazi kama kawaida, akashona pindo, akalishona vibaya, akalifumua. Akafunga mlango. Hakubadilisha hata nguo. Alitoka na koti lake la kazi lenye mifuko mingi, futi ya kupimia shingoni, kimto cha pini kimefungwa mkononi kama saa, na mkoba wa vifaa begani. Msusi alipomuuliza anakokwenda, akasema anakwenda kununua vifungo. Msusi akamwambia amsalimie huyo mwuza vifungo, pamoja na masikio yake.

Mlangoni pa jumba la mikutano alikaa msichana aliyejipaka uso rangi ya fedha. Alimtazama fundi kuanzia pini mpaka viatu, akamuuliza kwa heshima zote amevaa kama nani.

"Kama mimi," fundi akasema.

Msichana akasema vazi limetulia sana, hasa zile pini, na kabla fundi hajawahi kuuficha mkono, utepe ulikuwa umeshafungwa. Fundi alisogea pembeni, akageukia ukuta, akajaribu kuukata ule utepe kwa meno. Haukukatika. Akajitajia moyoni jina lake, la mama yake na la mtaa wake, kuhakikisha bado yumo. Alikuwemo. Akaendelea mbele.

Ndani kulikuwa na korido ndefu, viti vya plastiki, meza za vitabu, na spika iliyokwaruza kabla ya kila tangazo. Mtu wa kijani alikuwa akila mkate, na kila akiuma, mkate nao unageuka kijani. Wawili wenye vichwa vya chuma walibishana kama mwanga wa nyota unaweza kuchoka njiani. Hakuna aliyekuwa akiapishwa. Fundi alitafuta la kutisha kwa bidii, na la kutisha aliloliona lilikuwa mishono. Mabawa yamebandikwa kwa gundi. Mikono imeshikizwa kwa vibanio vya karatasi. Joho la mfalme wa sayari fulani lilikatwa kwa mkasi pindoni likaachwa hivyo hivyo, nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu.

Alijizuia. Alijikaza kisabuni mpaka mwisho wa korido, na hapo akakutana na panzi.

Alikuwa panzi mkubwa wa sponji na kitambaa cha kijani, urefu wa mlango, amesimama peke yake dirishani. Mshono wa mgongoni ulikuwa umeachia karibu na zipu, kutoka shingo hadi kiuno, na fulana nyeupe inachungulia.

"Baba, simama hapo hapo," fundi akasema. "Huwezi kutembea hivyo mbele za watu."

Panzi akasimama. Watu wengi husimama fundi akisema vile.

Mtu anayeshonwa mgongoni husema mambo. Hamwoni anayemsikiliza, mikono haina kazi, basi mdomo unajitafutia. Panzi alieleza kwamba mavazi haya hayapendi hata kidogo, ila ndiyo kinga yake. Yeye ni mchapishaji. Akija na uso wake, waandishi humfuata na bahasha mpaka mlango wa choo. Akiwa panzi hakuna anayemjua. Wenye mkutano amewasalimia asubuhi, inatosha; sasa anangoja korido ipungue watu ajiondokee kabla wale wapya wa mchana hawajaanza kusoma.

"Na hao wapya, nani atawasikiliza?" fundi akauliza, sindano ikiwa hewani.

"Hao nitasimuliwa, mama yangu. Aliye mzuri habari zake hunifikia."

Fundi aliishusha sindano. Alifungua mkoba, akarudisha uzi mwembamba, akatoa ule wa kushonea makochi, akaukunja mara mbili. Mshono ulipofika kwenye zipu hakuishia hapo. Aliivusha sindano juu ya zipu, akairudisha, akaivusha tena, polepole, kwa upendo, mpaka zipu ikawa sehemu ya panzi. Kisha akapiga fundo na kulificha ndani ya kitambaa.

"Hapo sasa," akasema, "hata upepo hauingii."

Mwenye mabawa aliyekuwa jirani aliona kazi ile, akaomba naye atazamwe. Akaja mwenye kichwa cha chuma, mabega yamemchanika. Akaja mfalme na joho lake, amesahau ufalme wote, anabembeleza. Fundi akavuta kiti cha plastiki nje ya chumba cha mwisho, akaketi, na foleni ikajipanga. Alishona, akakemea, akauliza nani alikufundisha kupiga bandi namna hii, wakacheka, naye akacheka. Mungu amsamehe, alinogewa mpaka akasahau kilichomleta. Spika ikakwaruza, ikatangaza kwamba waandishi wapya wanaanza kusoma. Hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Mlango wa nyuma yake ukafunguka. Binti alitoka, makaratasi mkononi, akiwatafuta wasikilizaji wake. Aliwaona wote. Halafu akamwona aliyewashika.

"Mama."

"Nimepita tu," fundi akasema, pini mdomoni.

"Ndani kuna viti na fundi wa mitambo. Fundi wa mitambo amelala."

Sauti ya binti haikupanda. Ingekuwa afadhali ipande. Alisema alimwomba mama yake jambo moja tu. Alisema hata mchapishaji hajaonekana, kwa hiyo yeye anakusanya vitu vyake arudi nyumbani, na mama aendelee na biashara.

Fundi alisimama, pini zikamwagika. Akaitangazia foleni kwamba kazi imehamia ndani: anayetaka kushonwa atashonwa humo, akiwa amekaa, amenyamaza, anasikiliza. Waliingia wameinamisha vichwa kama wanafunzi waliochelewa, vyuma vikigongana mlangoni. Kisha akaenda dirishani kumfuata panzi.

Panzi alikuwa anapigana na mgongo wake mwenyewe. Zipu haishuki, alisema, na jasho linamtiririka, na zaidi ya hayo ana haja ya haraka ambayo mtu mzima hapendi kuielezea koridoni.

"Mshono huo haukatwi na kila mkasi," fundi akamwambia, na huu sasa ulikuwa uongo. "Ninao mmoja, uko humo chumbani. Tukasikilize kwanza." Akamshika mkono wa kati, akamwingiza, akamketisha mstari wa mbele.

Binti alisoma. Hadithi ilihusu sayari ambayo kila mtoto akizaliwa hupewa mashine ya kumlea, na mashine moja iliyokataa kuzimwa mtoto alipokua. Inamfuata kazini. Inaonja maji yake kabla hajanywa. Akifunga mlango, mashine inaung'oa, inauegemeza ukutani vizuri, halafu inauliza kama amekula. Chumba kizima kilicheka. Fundi alicheka kuliko wote, akampiga mwenye mabawa kofi la paja, akamnong'oneza kwamba huyo mtoto anasikitisha, mashine gani hii isiyo na haya. Ndipo mashine ikakohoa kidogo, "ehe", kabla ya kuuliza swali, kama anavyokohoa mtu fulani, na ilipoulizwa imefuata nini ikasema imepita tu.

Sindano ilimwingia fundi kidoleni. Hakucheka tena.

Panzi alijikunja kwa kicheko mpaka vipapasio vikatikisika, halafu akaendelea kujikunja kwa sababu nyingine, na kutoka nyuma ilikuwa vigumu kujua kipi ni kipi. Binti alipomaliza, makofi yakapigwa, na panzi akawa wa kwanza kuruka juu. Akasema yeye ndiye mchapishaji, hadithi ameipenda, aletewe kitabu kizima. Hakuvuta hata pumzi: "Sasa mama, mkasi."

Binti alimtazama panzi. Akauzunguka mgongo wake, akausoma mshono. Mkono ule anaujua. Ameuvaa tangu kuzaliwa.

"Mama, umemshonea ndani?"

"Alikuwa anataka kuondoka."

"Basi ndiyo sitajua tena," binti akasema. "Ameikubali hadithi yangu, au ameuogopa mkasi wako?"

Fundi alitoa mkasi. Alikata uzi. Aliyetoka ndani ya panzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kipara, amelowa kama nguo ya kukamuliwa, akatoka mbio bila kuaga. Binti alisimama akitazama ganda la kijani lililobaki sakafuni, na kila mtu mle ndani alijua anachofikiri: kwamba mtu akitoroka kwa kasi ile, harudi.

Alirudi, amenawa uso. Binti hakumpa nafasi ya kuanza. Akamwambia neno alilolisema akiwa ndani ya vazi halihesabiki, alirudishe, na kama anaweza, asikilize tena akiwa mtu. Yule bwana akajikuna kipara, akakiri kwamba nusu ya kwanza aliisikia vizuri, ila nusu ya pili alikuwa anasali. Akakubali kusikiliza upya, kwa sharti kwamba mwenye sindano akae nje.

Mlango ukafungwa. Fundi alikaa koridoni. Alisikia sauti ya mwanawe, kisha kicheko kifupi, kisha kimya kirefu cha kumtoa mzazi roho. Alishika kitasa. Akakiachia. Akaikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena, akakishika kitasa, akakiachia.

Binti alipotoka alipita moja kwa moja, mama akamfuata kwa nyuma. Njiani fundi alimuuliza mchapishaji amesema nini, akajibiwa kwa mgongo; akauliza tena, mgongo ukanyooka zaidi. Ni nyumbani, viatu vikiwa vimeshavuliwa, ndipo binti aliposema kwamba kitabu kimechukuliwa, na kwamba mchapishaji anataka kitu kimoja kiongezwe. Ile mashine, anaitaka iwe mbaya zaidi.

"Nimemwambia asihofu," binti akasema. "Nina pa kuchota."

Fundi alifurahi mpaka akalia, akalia mpaka akaunguza chakula. Lakini mkutano mwingine umeshakuja, na binti ameshaondoka. Mji hakuutaja, wala siku ya kurudi. Aliaga akiwa ameshafika barabarani.

Basi mwenye mtoto anayeandika, haya ya kuepuka:

Kuchukua habari za mwanao kupitia ukutani.

Kujibu ombi kwa swali ili usilazimike kuahidi.

Kubeba sindano kwenye shughuli ya mwenzio.

Kuwakusanya watu wake wakawa wako.

Kumfungia mtu ndani ya nguo, hata akiwa anastahili.

Kucheka kwa nguvu kabla hadithi haijafika mwisho.

Kumsaidia mtoto mpaka asijue kipi amekipata mwenyewe.

Kuuliza "amesema nini" njiani.