Mlenda wa Domitila

"Mama, umepika digrii yangu!"

"Nimepika mlenda!" Sauti ya mama ikapanda juu ya ile ya dada. "Umeota uani kwangu, umenyeshewa na mvua ya Mungu. Digrii mimi sijaiona."

"Si niliweka kibao kabisa!"

"Kile cha mbao? Nimewashia jiko."

Dada yangu Domitila anasoma mambo ya mimea chuoni. Tangu mvua zianze alikuwa na matuta mawili nyuma ya nyumba yetu hapa Mkonze. Yote mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, ila wa aina mbili, ukoo mmoja. Wa kushoto una haraka: mvua kidogo tu unachanua, unamwaga mbegu, unakufa. Wa kulia hauna presha. Unajenga mzizi kwanza, maua baadaye, kiangazi kikipita unachipua tena. Dada anataka kujua, kama babu yao ni mmoja, kwenye ukame huu wetu nini kilimfanya huyu akimbilie mbegu na yule akae na mzizi. Na mchana huo msimamizi wake, Dokta Ambokile, alikuwa anakuja kuamua kama aendelee au aanze upya.

Sasa we fikiria. Mtu wa Dodoma aone mlenda umenawiri hivyo, aupite tu? Unachumwa, unaanikwa, unatwangwa, unawekwa wa kiangazi. Wiki iliyopita dada kaenda Kondoa kutafuta mbegu nyingine, mama akaingia na kisu. Akafyeka wote.

"Noeli, si nilikuachia ulinde?"

"Ulisema mbuzi wasiingie. Hakuna mbuzi aliyeingia."

"Ulitaka unihesabu na mbuzi, we mtoto?" mama akanigeukia.

Mimi tangu nimalize fomu siksi niko tu nyumbani nasubiri matokeo, na burudani hamna. Nikachochea. "Dada, kwani hasara iko wapi? Emiliana wa mamdogo ana watoto watatu, wewe bado unajenga mzizi. Ukoo mmoja. Si ungeandika hiyo tu?"

Kandambili ikapita sikioni. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Hapo kasema!"

"Hodi!"

Dokta Ambokile huyo mlangoni. Shikamoo zikapita, na kabla dada hajafungua mdomo mama kashamkalisha, kashamnawisha. Kwetu mgeni anakula kwanza, shida yake baadaye. Ugali wa uwele, na mlenda.

Dada kasimama pale anamwangalia msimamizi wake anavuta utafiti na tonge.

"Mama, mlenda huu mtamu sana. Mmeutoa wapi?"

Dada ananikodolea macho. Nikaona, haya, nimsaidie.

"Matuta yote mawili, Dokta. Mama kachanganya."

Tonge likaganda hewani, mlenda unaning'inia.

Tukatoka uani. Dokta akachuchumaa. Upande wa kulia visiki vyote vimetoa machipukizi. Kushoto vijiti vikavu tu, lakini alipokwangua udongo, mbegu nyeusi zikamjaa vidoleni. Vifuko vyake vilishapasuka kabla ya kisu.

"Yote yalifyekwa siku moja?"

"Asubuhi moja," mama akasema. "Mimi silazi kazi."

Dokta akahesabu visiki kimoja kimoja mpaka dada akaanza kujikuna shingo. "Domitila, hili hukulipanga, na kwenye ripoti utaliandika hivyohivyo. Lakini unaendelea. Mvua zijazo tuone nani anarudi kwa wingi, mwenye mzizi au mwenye mbegu."

Dada akakaa chini palepale kwenye vumbi na gauni lake la chuo.

Tukarudi ndani. Dokta akanawa tena, maana chakula kilikuwa hakijaisha. "Ila matuta yazungushiwe senyenge. Mtu asiguse mpaka nije. Na huyu kijana alinde."

"Mpaka mvua zijazo?" nikasema.

"Na kufuli," dada akadakia. "Ufunguo nakaa nao mimi."

Mama akainuka na mwiko. "Kufuli uani kwangu? Mnanifungia mboga yangu?"

"Mama, hii ni sayansi..." Dokta akaanza.

"Sayansi si hiyo umemaliza bakuli zima!"

Dada anapiga kelele, mama anapiga kelele, Dokta kanyoosha mikono yenye mlenda katikati yao. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Nikachukua viatu mkononi, nikatoka, nikarudishia mlango taratibu.