Mpira wa Kutoka Chini

Nilikuwa mdakaji wa Verna Tomczak kwa misimu mitatu, nikidaka mipira yake na kumwonyesha kwa vidole arushe upi, na nasema bila kuzunguka: Indiana nzima hakuna mwanamke aliyerusha mpira kama yeye. Alirusha kwa chini, mkono ukipita kando ya goti, kama ligi yetu ya besiboli ya wanawake ilivyotaka. Mwaka 1948 wakubwa wakaamua warushaji wote warushe kutoka juu ya bega, kama wanaume. Wakubwa wenyewe hawajawahi kurusha hata jiwe, lakini haya.

Verna alijifunza Machi yote mpaka bega likavimba. Kocha Lundquist akampa mechi moja ya majaribio. Akishindwa, anarudi kiwandani kumenya nyanya za makopo.

"Shoga, nyanya siziwezi tena," aliniambia tukipaka rangi ya mdomo, maana bila hiyo huingii uwanjani. "Hata ndotoni namenya."

"Basi urushe, acha domo."

Hadi raundi ya mwisho tuliongoza kwa pointi moja. Wapinzani wakajaza vituo vyote vitatu, lakini wenzao wawili walishatolewa, na akitolewa wa tatu mechi imekwisha; ndipo akaja Irma Haas na gongo lake.

"Leta, bibi! Leta nikufikishie Chicago!"

Mipira miwili ikampita. Ukabaki mmoja tu atolewe. Kwa mazoea nikatoa ishara ya zamani, vidole vitatu: ule mpira unaopaa. Haurushwi ila kwa chini. Na Verna hakuwahi hata siku moja kukataa ishara yangu.

Mpira ukapaa, Irma akapiga hewa, jukwaa likalipuka kwa shangwe. Mwamuzi akatikisa kichwa: mrusho haramu. Haukuhesabiwa, na kila mkimbiaji akasogea kituo kimoja, wa mbele akapata pointi, tukawa sare. Mpira uliofuata Irma akaupeleka mpaka kwenye uzio, tukafungwa.

"Umerukwa na akili?" kocha alifoka. "Nani kakwambia urushe kwa chini?"

Verna akanitazama. Nilikuwa nimeinama, nafungua kinga za miguu. Zina mikanda michache tu, lakini siku ile haikuisha.

"Nilisahau, kocha," akasema.

Kesho yake mlezi wa timu, Bi Gertrude, akamsindikiza stesheni. Sikwenda. Aibu ile ninayo mpaka leo. Nilicheza misimu sita zaidi, na kila mrushaji mpya alilalamika kwamba nachelewa kutoa ishara.