Mkaguzi Hajarudi

Mzee alipohamia kwa mwanawe kinyozi, alikuja na begi moja, redio, na paka dume mwenye sikio lililochanika. Maisha yake yote ya kazi Mzee alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu wa kuwasha moto kungali giza, na paka huyo alizaliwa nyuma ya magunia ya stoo yake. Kila moto ulipowaka, paka alipita akinusa sufuria moja moja kabla ya kudai chake. Wapishi wakambandika jina la Mkaguzi.

Shule ilimstaafisha Mzee. Mkaguzi hakuna aliyemstaafisha. Alfajiri, watu wamelala fofofo, alianza kulia mlangoni mwa jikoni kwa sauti nene ya kuvuta, kama mtu anayedai haki yake. Mzee naye aliinuka kumpa chakula, kifuniko kikamponyoka, mtoto mchanga aliyekuwa anaota meno akaamka, na nyumba nzima ikawa macho.

Mke wa kinyozi alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Kuna siku alirudi kutoka zamu hoi, miguu imevimba, akaweka kichwa kwenye mto, na kabla usingizi haujamkolea, Mkaguzi huyo.

"Baba," alimwambia mkwewe, kwa adabu iliyokuwa imebaki kidogo, "hatuwezi kumlisha usiku ili na sisi tulale?"

"Tutajaribu, mwanangu."

Wakajaribu. Walimlisha usiku hadi tumbo likawa kama ngoma. Alfajiri akalia vilevile. Wakamfungia bafuni, akaukwaruza mlango mpaka rangi ikabanduka. Wakakubaliana wajifanye hawasikii, atachoka mwenyewe. Waliochoka ni wao. Na Mzee, aliyekuwa kitandani macho kodo akimsikiliza, hatimaye aliinuka akinyata kwenda jikoni.

"Ana njaa," alijitetea. "Mwenye njaa mimi namjua kwa sauti."

Kinyozi akawa anasinzia amesimama. Asubuhi moja mashine ilimteleza, akamfyeka kijana mmoja nyusi nzima ya upande mmoja, na kijana alikuwa anaoa wiki hiyohiyo.

"Sasa huyo bibi harusi ataolewa na mimi au na yai?" kijana alifoka mbele ya kioo.

Wateja walicheka hadi machozi. Kinyozi hakucheka. Mmoja wao, mpasua mbao, alipojua chanzo cha usingizi ule akamwambia, "Huyo paka mlete kiwandani kwetu. Panya wametujaa tele. Atanenepa mpaka umsahau."

Kesho yake mchana, Mzee akiwa amejipumzisha chumbani, kinyozi alimtia Mkaguzi kikapuni, akamfunika kwa taulo la saluni, akavuka naye mji. Paka hakupiga kelele njia nzima. Alikuwa anamjua aliyembeba.

Nyumbani kinyozi alisema mlango ulisahauliwa wazi. Mkewe alimtazama mara moja tu, akaendelea kukunja nepi.

Alfajiri iliyofuata walisikia komeo la mlango wa mbele. Mzee alikuwa nje, koti begani, anagonga sahani kwa kijiko. "Mkaguzi! Mkaguzi wee! Njoo, baba, njoo." Mtoto akaamka akilia. Siku ya pili yakawa yaleyale, na ya tatu, kila mara Mzee akienda mbali zaidi mtaani, hadi majirani wakafungua madirisha kumuuliza ana nini.

"Afadhali paka," mkewe alimnong'oneza kinyozi gizani. "Paka akishiba alikuwa ananyamaza."

"Nitakwenda kumrudisha."

Hakwenda. Leo wateja wengi, kesho mvua. Mwishowe Mzee akaja saluni na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: paka amepotea, sikio la kushoto limechanika. Akaomba ibandikwe kando ya kioo. Kinyozi akaibandika. Mzee akaketi kwenye benchi, huenda akatokea mteja mwenye habari.

Alitokea. Mpasua mbao aliingia akijipangusa vumbi la msumeno, akasoma, akamgeukia kinyozi.

"We, si ndiye huyu uliyetuletea? Pole, bwana. Alishinda getini analia, panya hata hakuwagusa. Lori likawa linarudi nyuma, dereva hakumwona. Nilidhani wamekwambia."

Mashine ilinguruma mkononi mwa kinyozi bila kumgusa mtu. Mzee aliinuka, akaibandua karatasi yake taratibu isichanike, akaitia mfukoni.

"Asante kwa kuniambia," alimwambia mpasua mbao. Hakumtupia mwanawe hata jicho.

Jioni kinyozi alimfuata chumbani. "Baba, nisamehe. Tulikuwa tumezidiwa."

"Ungesema. Ningeondoka naye."

"Ungekwenda wapi, baba?"

"Ndiyo hapo sasa," Mzee alisema.

Muuguzi alisimama mlangoni na sahani ya chakula, machozi yanamlengalenga. "Na mimi nilijua, baba. Nikanyamaza."

"Najua, mwanangu. Weka hapo, utaungua."

Tangu siku hiyo nyumba ikalala kweli. Mzee hakutoka chumbani mpaka wote wawe wameamka. Chakula alikula, salamu aliitikia, na kila alipotaka kuwasha jiko aliomba ruhusa kama mpangaji. Kinyozi ndiye aliyeshindwa kulala. Saa ileile alizinduka, akauona mwanga chini ya mlango wa baba yake, akasikia kimya kizito cha mtu anayejizuia hata kukohoa.

Alfajiri moja alikwenda kugonga. "Baba, toka tu, uchemshe chai yako. Hutusumbui."

"Nenda kalale," Mzee alijibu kutoka ndani. "Nimeshaona mkichoka mnafanyaje."

Kinyozi alibaki amesimama kwenye ujia, miguu peku kwenye sakafu baridi, hadi mwanga ulipozimwa.